Mgongo wa Mama Mkwe

Joram Opiyo alimpokea mama mkwe wake steji ya mabasi ya Kisumu Ijumaa mchana, amevaa shati jeupe la kwaya na kushikilia baiskeli kwa mkono mmoja. Hakumpa mkono wa pili. Mkwe hamshiki mama mkwe mkono, wala hamkodolei macho, kwa hiyo Joram alisimama mbali kidogo, akavitazama viatu vyake mwenyewe, akasema, "Karibu, Maro. Safari imekuwa mzuri?" Maro ndilo jina ambalo Wajaluo humwita mama mkwe. Nabwire naye akageukia upande wa soko, akajibu kwamba safari ilikuwa nzuri. Tangu Lornah, binti wa Nabwire, aolewe, hawa wawili walikuwa wakizungumza hivyo: mmoja akiongea na viatu, mwingine akiongea na soko.

Nabwire alikuwa ameleta jogoo na kikapu cha omena, dagaa wa ziwani, kutoka Sio Port, kana kwamba Kisumu haina ziwa. Joram alifunga kikapu kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akamchukua jogoo kwapani, wakaenda kwa miguu kuelekea Kaloleni, yeye mbele na mama mkwe nyuma.

Nabwire alikuwa mtu wa kushuku. Akisalimiwa kwa furaha alijiuliza mtu huyo anataka nini. Akiuziwa samaki alimfungua matamvua kwanza, hata kama muuzaji ni dada yake. Safari hii alikuwa na sababu. Shangazi yake Lornah alikuwa amekufa wakati wa kupanda, na Lornah hakuja kumzika. Alikuja Joram peke yake, akaimba vizuri sana makaburini, akasema mke wake ana malaria. Nabwire alijua malaria. Malaria humlaza mtu, kisha humwamsha, kisha mtu huyo hupanda gari akaja kwao kulia hata kama matanga yameisha. Lornah hakuja. Na sasa shemeji yake Nabwire, Mzee Absalom, aliyebaki na sauti ya boma tangu mume wa Nabwire afariki, alikuwa ametangaza kwamba mwisho wa mwezi ng'ombe wa mwisho wa Joram watapokelewa na ndoa itakamilika. Ndoa ikishakamilika, msichana si wenu tena. Nabwire alikuwa amejiapia kwamba atamwona mtoto kwa macho yake, na kama hali ni mbaya, atarudi naye.

Tatizo la kumwona mtoto aliyeolewa ni kwamba unamwona mchana tu. Mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake. Hata kama mvua inanyesha, hata kama nyumba ina vyumba vya kutosha, jua likishuka anaondoka. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu ya chuo kilichofunguliwa huko juu kwenye barabara ya Busia, ambako wazazi walikuwa wakipeleka watoto na kurudi kuwachungulia, nyumba ndogo za wageni zilikuwa zimeota kila kona ya Kisumu miaka ile ya mwanzo wa tisini. Nyuma ya Kaloleni kulikuwa na mbili zilizotazamana, Starehe na Bethania.

"Nimeshaongea na watu wa Starehe," Joram aliviambia viatu vyake. "Iko na neti, iko na shawa, na haina kelele. Hiyo ingine ya hapo mbele usiende, Maro. Si mahali ya mtu anaheshimika."

Hapohapo Nabwire akaanza kuishuku Starehe. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Nyumbani, Lornah alifurahi kumwona mama yake, akamkumbatia kwa mikono tu, kifua kikiwa mbali. Alikuwa amenenepa kidogo usoni. Aliandaa chai, akakaa kwenye ncha ya kiti bila kuegemea, akacheka mahali pa kucheka. Nabwire alimuuliza kuhusu malaria, Lornah akasema iliisha. Alimuuliza mbona hakuja baada ya malaria kuisha, Lornah akamwongezea sukari kwenye chai.

"Utalala Starehe, Mama," alisema. "Kule Bethania kwa Nabututu kuna kunguni."

Hapo Nabwire akajua kwamba kulikuwa na kitu. Watu wawili wa nyumba moja kukutajia nyumba moja ya wageni kabla hujamaliza kikombe cha kwanza, hilo halikuwa jambo la neti wala shawa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, alijisemea, na jioni ilipokaribia akaaga, akakataa kusindikizwa, akaenda mwenyewe kwenye kile kichochoro.

Katikati ya nyumba hizo mbili alikaa mwanamke aitwaye Beldina, akichoma mahindi. Nabwire alinunua hindi moja ili apate haki ya kuuliza.

"Mama, hizi guest mbili, gani ndio mzuri?"

"Inategemea umekuja kufanya nini," Beldina alisema. "Kama unataka kulala, enda Starehe. Kama unataka kujua, ingia kwa Nabututu."

"Kujua nini?"

"Mtoto wako vile yuko. Ukilala hapo unaamka na mwili wake." Akageuza hindi. "Njaa yake, homa yake, kila kitu. Ikifika lunch, njaa na homa zinaisha. Alama ndio inakaaga."

"Kila mtu?"

"Kila mzazi. Wale hawana watoto wanalala tu. Hao ndio husema iko kunguni."

Nabwire alitafuna hindi akifikiri. Alitaka kujua jambo moja zaidi, ambalo mwanamke yeyote wa heshima angetaka kulijua kuhusu lojing: kama milango ilikuwa na komeo kwa ndani. Beldina akamhakikishia kwamba ilikuwa nayo. Basi akavuka, akaingia Bethania.

Nabututu, mwenye nyumba, alikuwa mwanamke mkubwa kutoka upande wa Bungoma, na alikuwa akikunja shuka zilizotoka kuanikwa. Hakumuuliza jina.

"Wa chuo au wa ndoa?"

"Wa ndoa."

"Basi chumba cha nyuma. Wa chuo nawaweka mbele, wanakohoa sana." Akamkabidhi shuka na sabuni. Kisha akasimama mlangoni kama mtu aliyesahau kitu. "Nikuulize, Mama. Ukiamka na kitu, uko na mahali ya kukipeleka?"

"Niko na wazee."

"Ee," Nabututu alisema. "Wazee." Akaenda kuangalia sufuria yake.

Kulipopambazuka, wageni wa Bethania walikutana mezani kwa chai na mandazi. Mzee Walubengo wa Kimilili, ambaye mtoto wake alisoma huko chuoni, alikuwa na macho mekundu yanayotiririka, na kila alipoyapangusa kwa leso yalizidi. "Wamerushiwa gesi tena," alieleza, akaomba apitishiwe sukari. Mwalimu mmoja wa Siaya aliamka na njaa kali, akala mandazi yake na ya jirani, huku akimlaumu mwanawe kwamba pesa za chakula anazipeleka disko. Mama Kageha, bibi wa Maragoli mwenye mvi kichwa kizima, alikuja na blauzi iliyolowa kifuani, ameshikilia leso mbele, na uso wake uling'aa.

"Amejifungua," alisema.

Wote wakampongeza. Nabututu akamletea uji mzito bila kuulizwa, maana mwenye kunyonyesha hapewi chai kavu.

Nabwire alikuja mwisho. Alikunywa chai amesimama. Hakuna aliyemuuliza kwa nini, na wenye adabu zaidi wakatazama mandazi. Alipomaliza, Nabututu alimchukua mpaka chumba cha nyuma na beseni la maji moto yenye chumvi, akamfungua vifungo, akamkanda mgongo taratibu, akianzia mabegani.

"Hii ni waya," Nabututu alisema. "Imekunjwa mara mbili. Ona hapa mwisho inazunguka."

"Waya ya nini?"

"Mimi sijui, Mama. Ya pasi. Ya redio."

Joram alikuwa fundi wa redio. Alikuwa na kibanda Kondele, na watu walimsifu kwamba hachelewi na kazi wala haongezi bei. Nabwire aliuma kitambaa cha shuka. Mtu wa kushuku akikipata alichokuwa akikishuku huonja furaha kidogo, na Nabwire aliionja, akaichukia, akaililia. Alimhurumia mtoto wake. Kisha akafunga vifungo, akaenda Kaloleni kwa haraka.

Joram alikuwa ameshakwenda kazini. Lornah alikuwa akichambua maharagwe barazani. Nabwire alimwingiza ndani, akafunga mlango, akampa mgongo, akainua blauzi.

Lornah alitazama kwa muda mrefu. Huenda ilikuwa mara yake ya kwanza kuuona mgongo wake vizuri.

"Ulilala kwa Nabututu," alisema.

"Nililala."

"Si tulikuambia Starehe?" Akamshusha blauzi kwa upole, akainyoosha. "Vile vitanda ni vya zamani, Mama. Springi zimetoka."

"Lornah. Springi haina mkunjo."

Lornah alikaa kitini, akaegemea bila kufikiri, akaruka mbele tena. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza kwa nini maziwa yalimwagika, kwamba juzi ilikuwa betri. Aliacha betri ya mteja nje ikanyeshewa. Na ile mara ya msiba wa shangazi ilikuwa kwa sababu aliomba nauli mbele ya wageni. Joram hakuwa mlevi, alisema. Akimaliza alikuwa akiomba na kuchemsha maji mwenyewe.

"Vaa viatu," Nabwire alisema. "Tunaenda nyumbani."

"Nikifika huko nitakaa wapi? Baba Absalom alikuja hapa, akakaa kwa hii kiti, akamwambia Joram msichana wa kwetu harudi."

"Vaa viatu."

Lornah aliinama chini ya meza, akatoa kiatu, akakivaa. Alikuwa akitafuta cha pili wakati Nabwire alipopata wazo. Lilimjia kwa sababu alikuwa mwerevu, na kwa sababu alikuwa amekaa na wazee wa kwao maisha yake yote. Aliwaona kwa macho ya ndani wakimpokea Lornah, wakitikisa vichwa, wakisema mambo ya mume na mke hufunikwa na mlango wao. Lakini huu mgongo wa pili ulikuwa wa mama mjane, mzee wa kanisa, asiye mke wa mtu. Nani angeuambia ukajifunike?

"Ngoja kwanza," alisema. "Wewe wakikuona watasema ni ya nyumba. Mimi nitawaonyesha wangu. Wakishakubali, nitakuja kukuchukua na baraka yao, na hakuna mtu atakurudisha."

Lornah alibaki na kiatu kimoja mguuni. "Na wasipokubali?"

"Watakubali. Alama ziko."

Lornah alifikiri, akavua kiatu.

Wazee walikutana Sio Port Jumapili baada ya ibada, nyumbani kwa Absalom. Kwa kuwa si vizuri wanaume kuangalia mgongo wa shemeji yao, Dorca, mke wa Absalom, alimpeleka Nabwire nyuma ya jiko, akakagua, akarudi akasema kwamba ni kweli, alama ziko, za waya, mbichi.

Hakuna aliyebisha habari za kitanda. Mzee Wabwire, aliyekuwa mkubwa kuliko wote, alisema anaijua nyumba hiyo. Yeye mwenyewe alilala hapo alipokwenda kumtembelea kijana wake, akaamka na jino linalomtesa, na kweli kijana alikuwa na jino. Wengine wakasema wamesikia. Jambo la kitanda likaisha hapo. Kilichobaki kilikuwa hukumu.

"Alama ziko kwa nani?" Wabwire aliuliza.

"Kwa Nabwire," Absalom alijibu.

"Na Nabwire ni nani kwa huyu Joram?"

"Ni mama mkwe wake."

Nabwire, aliyekaa mlangoni na wanawake, aliona nyuso zao zikibadilika, na kwa kitambo kidogo alidhani ameshinda. Absalom alivua kofia yake.

"Basi," alisema polepole, "huyo kijana amempiga mama mkwe wake."

Jambo kama hilo halikuwahi kusikika. Mkwe kumgusa mama mkwe kidole tu lilikuwa kosa la kuchinjiwa mnyama. Kumchapa waya mgongoni, mpaka damu, ndani ya chumba cha kulala, hakuna aliyejua hata lingeitwaje. Mzee mmoja alitoka nje kutema mate.

"Hakunipiga mimi," Nabwire alisema. "Alimpiga Lornah."

"Mama," Wabwire alimjibu kwa heshima, "mgongo umeletwa hapa ni wako. Wa Lornah hatujauona."

"Basi mwiteni muuone."

"Aitwe aseme nini? Mtu na bibi yake wakikosana, hiyo ni ya nyumba yao. Lakini hii ni ya ukoo."

Nabwire aliongea tena, akaongea kwa sauti, na Dorca akamshika goti kumtuliza, akimwambia asiogope, safari hii kijana hataponyoka. Nabwire alitaka kulia kwa hasira. Kila alilolisema lilizidi kuwasikitisha wazee kwa niaba yake, na kadiri walivyomsikitikia ndivyo Lornah alivyozidi kusahaulika.

Joram alipopelekewa habari hakukataa. Kwao Wajaluo, mtu aliyevunja mwiko wa mama mkwe huandamwa na chira, akakonda mpaka akaisha, yeye na kizazi chake. Watu wa Kondele walisimulia kwamba aliacha kula siku ileile, akashindwa kulehemu, na redio za watu zikabaki wazi kibandani. Alitafuta kondoo mwenyewe, dume jeupe lisilo na doa, akamleta Sio Port. Lornah alikuja naye, maana lazima awepo wa kupika.

Kondoo alichinjwa langoni. Nabwire aliwekwa ndani, nyuma ya mlango uliofungwa nusu, na Joram akapiga magoti nje, ili wasionane. Wabwire alichukua majani yaliyosagika ya tumbo la kondoo, yakiwa bado moto, akampaka Joram viganjani, kisha akampa Dorca naye akampaka Nabwire mgongoni. Joram alilia. Alilia kwelikweli, kamasi zikimtoka, mtu mzima wa kwaya.

"Maro, nisamehe," alisema. "Sikujua mkono yangu inafika mbali hivyo."

Kilichomuuma Nabwire kuliko yote ni kwamba hakuweza kumshuku. Alimsikiliza kwa masikio ya mwanamke aliyeshuku kila kitu maishani mwake, akatafuta uongo katika sauti ile, akaukosa. Dorca alipompangusa mgongo kwa kitambaa, alama zilitoka pamoja na majani, ngozi ikabaki safi. Dorca akatangaza hivyo kwa sauti, na wanawake wakapiga vigelegele.

Wazee wakatoa amri kwamba Nabwire asilale tena Bethania hata siku moja. Akienda Kisumu, alale Starehe. Mtu alitumwa kumwambia Nabututu, naye akakubali, maana hakuwa na ugomvi na mila za watu. Halafu, kwa kuwa kondoo alikuwa mkubwa na watu wa pande zote mbili walikuwapo, wakaona hakuna haja ya kungoja mwisho wa mwezi. Ndoa ikakamilishwa alasiri hiyohiyo.

Nabwire aliomba neno moja kutoka nyuma ya mlango. Aliomba Lornah abaki naye hata wiki moja tu.

"Abaki kwa sababu gani?" Absalom aliuliza. "Si umepona?"

"Kama anataka, akae, mimi sikatazi," Joram alisema kwa upole, akiwa bado amepiga magoti, na wazee wakanong'onezana kwamba huyu sasa ni mkwe.

Wote wakageuka kumtazama Lornah, aliyekuwa ametoka jikoni. Wanawake walikuwa wamemwambia tangu asubuhi kwamba wanaume wanaolia mbele ya watu ni wachache, na kwamba amebarikiwa. Alisimama akiwa ameinamisha bega moja chini kuliko lingine.

"Sina neno," alisema.

Mikono ya Joram ilikuwa bado ina majani ya kondoo, na chakula kilikuwa tayari. Lornah akaleta jagi na beseni, akapiga magoti mbele ya mume wake kama inavyotakiwa, akichukua muda kufika chini, akamnawisha, kiganja kwa kiganja, na katikati ya vidole, mpaka mikono ikatakata. Nyuma ya mlango, ambako mila ilikuwa imemweka, Nabwire hakusikia maumivu popote mwilini. Alisikia maji tu.